Majina Yametoka

Siku majina ya madaktari watarajali yanapotoka, simu ndiyo inayojua kwanza. Kundi la WhatsApp la darasa, lililolala fofofo tangu mahafali, linaamka lote kwa mkupuo. Mmoja anatuma faili la Wizara lenye kurasa nyingi, wa pili analituma tena, wa tatu anauliza kama kuna mwenye hilo faili. Utashuka na kidole mpaka ulipo: jina lako, chuo chako, kituo chako. Uliomba Dar es Salaam kwa sababu mchumba yuko Dar es Salaam. Umepewa hospitali ya Maweni, Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwa mchumba, mwisho kabisa wa reli ya kati iliyofika huko 1914.

Usilie kwenye kundi. Piga picha ya skrini, mtumie mama, kisha ulie. Wapo waliopata walichoomba, na baada ya miezi mitatu utawaonea huruma. Hospitali kubwa ya taifa ina mabingwa, ina wanaosomea ubingwa, ina wanafunzi wa mwaka wa tano, na mtarajali anasimama mkiani mwa foleni hiyo akishikilia chuma cha kupanulia jeraha huku akichungulia tumbo la mgonjwa kwa upenyo wa kwapa la mtu mwingine. Mkoani, mdogo wangu, foleni ni wewe.

Yaliyoandikwa rasmi ni mafupi. Umemaliza miaka mitano ya shahada, Baraza la Madaktari Tanganyika limekupa usajili wa muda, na sasa una miezi 12 ya kuzunguka idara kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi na magonjwa ya wanawake. Kila idara ina kitabu cha kusainiwa na kila kitabu kina bingwa ambaye ukimtafuta ili asaini yuko kwenye semina Dodoma. Yaliyobaki hayajaandikwa popote, ndiyo maana nayaandika.

Anza na jina. Utaitwa "Dokta" asubuhi ya kwanza, nawe utageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Hakuna mtu nyuma. Jina limekutangulia kufika, limeshapata kiti, limeshapewa chai, na wewe una kazi ya mwaka mzima ya kulifukuzia. Mbaya zaidi ni shikamoo. Bibi wa miaka themanini, mwenye wajukuu wanaokuzidi umri, atajiinua kitandani akuamkie: "Shikamoo, Dokta." Shuleni hawakutufundisha hili. Ukiitikia marahaba, mababu zako watageuka kaburini. Ukimrudishia shikamoo, naye atakurudishia tena, na mtashindana mpaka raundi iwakute. Mimi niliishia kumshika mkono na kumuuliza amelalaje. Hiyo haijawahi kukataliwa na bibi yeyote.

Koti jeupe nunua mawili. La kwanza litapata iodini siku ya pili. Biro nunua boksi zima, kwa maana mabingwa, watu wanaojenga ghorofa, hawajawahi kumiliki biro. Watakuomba yako wasaini, wataiweka mfukoni kwao, na hakuna mtarajali katika historia ya nchi hii aliyewahi kuidai.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kwenye ubao wa hospitali utaona picha za uongozi, Mganga Mfawidhi juu na wakuu wa idara chini yake. Ubao huo ni mapambo. Wodi inaongozwa na sista aliyekaa pale miaka ishirini na mbili, mwenye sweta juu ya sare, miwani iliyofungwa kwa kamba, na funguo.

Nakuomba uzifikirie hizo funguo. Saa nane usiku analetwa mama wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, anatetemeka mwili mzima. Unajua ni kifafa cha mimba. Unajua dawa yake ni magnesiamu salfeti, na mtihani huo ulipata A: gramu 4 mshipani, polepole, kisha gramu 5 kila tako. Mtihani haukuuliza dawa hiyo inakaa kabati gani, kabati linafunguliwa na nani, na kichupa kimoja kina kiasi gani. Wewe ukiwa bado unazidisha na kugawanya kichwani, sista ameshamlaza mama ubavu wa kushoto, ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano, na anakuuliza kwa adabu zote: "Dokta, nimpe gramu nne mshipani, siyo?"

Hilo si swali. Jibu lake ni, "Ndiyo, Sista."

Lugha hiyo ina kamusi yake, na mtarajali asiyeijua ataangamiza watu. "Dokta, una uhakika?" maana yake umekosea dozi, futa. "Dokta, hapa huwa tunafanya hivi" maana yake bingwa akija akute ulivyoandika utatamani ardhi ipasuke. "Dokta, ukipata nafasi upite kitanda cha tano" maana yake kimbia. Na siku ile anaponyamaza tu, akakutazama juu ya miwani, weka faili chini, anza upya kumpima mgonjwa.

Wapo wanaofika na kifua mbele. Nilikuwa mmoja wao. Wiki ya pili, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimkaripia mhudumu mmoja mbele ya watu, mzee wa umri wa baba yangu, eti anasukuma kitanda taratibu. Hakujibu. Ila kuanzia siku hiyo sampuli zangu za damu zilikuwa zikienda maabara kupitia Bagamoyo. Za mwenzangu zilirudi kwa saa moja, zangu zilirudi mgonjwa ameruhusiwa. Nilikaa siku nne nikiilaumu maabara. Siku ya tano sista akaniambia, huku akihesabu shuka na bila kunitazama, kwamba yule mzee amekuwepo tangu jengo hili halina bati. Nilimfuata kantini, nikamwamkia, nikamnunulia soda na andazi, nikaomba radhi. Akasema, "Mambo ya kawaida hayo, mwanangu." Sampuli zikapona.

Kuhusu fedha, soma taratibu. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mbele, kwa sababu ameambiwa anayekuja ni daktari. Posho itakuja. Neno la kuangalia hapo ni "itakuja". Kati ya leo na siku hiyo utaishi kwenye daftari la Mangi wa dukani, ukurasa ulioandikwa "DOKTA" kwa herufi kubwa, mistari ya mkate, mayai, vocha, mkate. Usidhani ni bahati mbaya yako peke yako. Mwaka 2012 nchi nzima ilitikiswa na mgomo wa madaktari, na cheche zake za mwanzo zilitoka kwenye madai ya posho za watarajali. Majirani zetu wa Kenya nao 2024 walifunga kazi siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na mfupa uliowakwama kooni ulikuwa malipo ya watarajali: mkataba wa 2017 uliwahesabia shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikaja na 70,000. Mangi wa huko sijui aliandika nini daftarini.

Nyumbani hawatakuelewa. Ukoo umesomesha daktari, na ukoo una hesabu zake: ada ya mtoto wa shangazi, bati la babu, mchango wa harusi ya mtu usiyemjua ambaye kwenye kadi amekuandika "Dkt." kabla ya jina ili usipate pa kujificha. Ukisema posho haijaingia wataguna. Ukubwa jalala. Na simu za matibabu hazina saa. Mjomba atakutumia picha ya kidonda, haina mwanga, haina kipimo, unaweza kudhani ni ramani ya Ziwa Tanganyika, na chini ameandika: "Dokta hii nini." Mjibu aende kituo cha afya kilicho karibu. Atajibu kwamba kituo cha afya ni wewe.

Usingizi nao una historia. Mtindo huu wa kumfungia daktari mchanga hospitalini ulijengwa Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, hospitali iliyofunguliwa 1889. Vijana walilala humo humo, ndipo jina lao la wakazi lilipotoka. Mwalimu wao wa upasuaji, William Halsted, aliwataka wawe macho usiku na mchana, na watu walikuja kugundua kwamba mwenyewe alikuwa amenasa kwenye kokeini. Ilibidi msichana wa miaka 18, Libby Zion, afe katika hospitali ya New York mwaka 1984 chini ya uangalizi wa vijana waliochoka, ndipo mjadala wa saa za kazi uanze. Mwaka 2003 Marekani nzima ikaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki. Nilipomsimulia hayo mwenzangu wa zamu, akaniuliza: "Themanini? Halafu wanafanya nini muda unaobaki?" Akalala kabla sijajibu, amesimama, ameegemea jokofu la damu.

Raundi kubwa sitaichelewesha. Bingwa atauliza swali, hutalijua, atamuuliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naye atalijua. Itapita.

Ndugu wa mgonjwa ndio hawapiti. Mgonjwa wa kwetu halazwi peke yake. Ana dada wa kulala naye, shemeji wa kuleta uji, jirani wa kuomba dua, na watu wengine saba nje ya geti wanaobishana na mlinzi kuhusu saa za kuona wagonjwa. Utawaeleza upasuaji wote, matumbo, mishono, hatari zake, kwa nusu saa na mchoro. Watatikisa vichwa. Kisha mmoja atasema wamekuelewa vizuri sana, Dokta, ila msemaji wa familia ni baba mkubwa, na baba mkubwa yuko kwenye basi anatoka Sumbawanga. Tumbo halisubiri basi. Hapo utamtafuta sista, naye atamwita yule shemeji wa uji pembeni, wataongea kwa kilugha dakika mbili, na fomu itarudi imesainiwa. Usiulize walisemezana nini. Nimeuliza mara tatu, nimeambiwa "mambo ya wakubwa".

Utaandika vipimo na utaambiwa mfumo hauna mtandao. Utaandika dawa na utaambiwa haipo, akanunue nje. Mzee aliyeletwa kwa bodaboda hana wa kumtuma nje, wala hana cha kumtuma nacho. Ipo ofisi ya ustawi wa jamii na upo msamaha wa wasio na uwezo, na utaijua njia ya ofisi hiyo kuliko njia ya chumbani kwako, lakini ofisi inafungwa jioni na wazee wanaletwa usiku. Kwa hiyo kuna siku utaingiza mkono mfukoni, utoe ile noti uliyoitengea daladala, umpe mlinzi akimbilie duka la dawa. Sikushauri. Nakwambia tu kwamba utaitoa, ili usije ukadhani umerogwa. Damu nayo hivyo hivyo: ndugu wote kumi na mmoja watakuwa na presha, na yule wa kumi na mbili amefunga. Kunywa maji ya kutosha kabla ya zamu ya wodi ya wazazi, huwezi kujua kundi lako la damu litahitajika lini.

Wodi ya watoto itakufundisha kilo. Kila kitu ni kilo. Hata sindano ya malaria kali, ile ya atesuneti, mtoto aliye chini ya kilo 20 anapata zaidi kwa kila kilo kuliko mtu mzima, na saa za kuirudia ni kumi na mbili na ishirini na nne, ziwe za usiku ama za mchana. Wiki mbili za kwanza utapima hata mkate wa Mangi kwa mkono. Na mtoto wa miaka mitatu, aliyekuja amelegea kama kitambaa, asubuhi ya tatu atakuona na sindano, atakutukana kwa kilugha tusi zito, na wodi nzima ya akina mama itacheka. Hakuna cheti kinacholishinda tusi hilo.

Ipo na siku ile nyingine. Itakuwa saa kumi usiku, wodi ya ndani, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Umesukuma kifua mpaka mikono imekufa ganzi. Umetazama mboni kwa tochi, umesikiliza, umesikiliza tena upande huo huo. Binti wa mgonjwa amesimama mlangoni na chupa ya chai ambayo hajaifungua. Watu wote wanakutazama wewe, si kwa sababu unajua zaidi, bali kwa sababu sheria inataka aseme mtu mwenye jina lile. Sista ameshaona kabla yako. Amekaa kimya akuachie. Kisha anafungua faili, anashika biro, anauliza taratibu: "Saa ngapi, Dokta?"

Utatazama saa ya ukutani, ile iliyosimama tangu Pasaka. Utatazama simu. Utasema saa kumi na dakika ishirini, naye ataandika. Utakwenda mlangoni kwa binti, na maneno uliyoyapanga yatakupotea, na utasema mengine. Ukirudi utakuta sista amekusogezea kiti, na juu ya meza ya dawa kuna kikombe cha chai ya rangi kimefunikwa na kisosi. Kinywe kabla hakijapoa. Kitanda namba tisa dripu inakaribia kwisha.