Mipira Saba ya Patsy Houlihan

Snuka ina hesabu yake: mpira mweusi una pointi 7, mwekundu 1. Leo tunashuka nao, kutoka mweusi hadi mwekundu, kwa heshima ya mchezaji Patsy Houlihan wa Deptford, kusini-mashariki mwa London (1929–1996). Humjui? Hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

7. Mweusi: dau
Mwindaji wa dau haingii ukumbini na fimbo yake nzuri mkobani. Anachukua ya ukutani, iliyopinda kama mguu wa kuku. Fremu ya kwanza anafungwa kwa hela ndogo. Ya pili anashinda kwa tabu, huku akimsifu mwenzake. Dau likipanda, ghafla mkono umepona! Sisi tungesema jamaa kaingizwa mjini. Kule aliingizwa tunduni, na pochi yake pia. Houlihan aliishi kwa kazi hiyo miaka mingi, na wanaojua kumbi za London wanamweka mstari wa mbele kabisa.

6. Wa pinki: kasi
Alicheza mbio. Ukienda kuagiza chai, unarudi fremu imekwisha na chai bado ya moto. Tatizo la kipaji cha namna hiyo ni kwamba hakifichiki. Sifa zikishafika ukumbini kabla yako, hupati mtu wa kucheza naye mpaka umpe pointi za kuanzia, tena nyingi.

5. Wa bluu: mlango
Hapa nakaa kidogo, kwa sababu watu husema Houlihan alijiharibia mwenyewe kwa kupenda kamari. Angekwenda wapi? Mashindano ya dunia yalisimama baada ya 1957, yeye akiwa na miaka 27. Kuanzia 1964 hadi 1968 ubingwa ulikuwa wa kutoleana changamoto tu: John Pulman anakaa na taji, mmoja anakuja kumjaribu, anaondoka. Wachezaji wa kulipwa walikuwa wachache na hawakuwa na haraka ya kufungua mlango. Mashindano ya mtoano yaliporudi, kwa ubingwa wa 1969, kijana wetu alikuwa na miaka 39. Mikono ile ilimaliza ubora wake kwenye kumbi zenye moshi, bila kamera wala kombe.

4. Wa kahawia: Manchester, 1973
Mashindano ya dunia, hatimaye. Akamfunga Jackie Rea 9–2. Halafu akakutana na bingwa mtetezi, Alex Higgins, akala 16–3. Inauma, tusonge.

3. Wa kijani: Patsy wawili
Mwaka 1978 alifuzu kucheza mashindano ya dunia kwenye ukumbi wa Crucible, Sheffield. Miaka 48! Akafungwa 13–8 na Cliff Thorburn, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1980. Kumpokonya Thorburn fremu 8 katika umri huo ni kazi ya mwanamume. Na katika raundi ileile Patsy mwingine wa London, Patsy Fagan, akamwangusha Higgins 13–12. Duniani kuna majina mangapi, na bado mzee wa watu akagawana lake na mwingine!

2. Wa njano: Jimmy White
Mtoto wa Tooting, kipenzi cha London nzima, aliyefika fainali 6 za dunia. White hajachoka kumsifu Houlihan. Ukimpenda White kwa kasi na ulaini wa mkono, basi umeshampenda Houlihan bila kutambulishwa.

1. Mwekundu: 11–3
Mwekundu ni pointi moja tu, lakini usipouingiza huruhusiwi kugusa rangi. Mwaka 1965, fainali ya ubingwa wa ridhaa wa Uingereza. Upande mmoja Houlihan, mwenye miaka 35. Upande wa pili John Spencer. Fremu 11 kwa 3, kwa Houlihan. Hakukuwa na fimbo ya ukutani wala mchezo wa kujificha. Siku hiyo alicheza alivyo.

Spencer akaendelea hadi kuwa bingwa wa dunia mara tatu: 1969, 1971 na 1977. Ndiyo maana sikubali Houlihan aitwe mjanja wa mitaani tu. Alikuwa mchezaji wa kiwango cha ubingwa wa dunia aliyenyimwa meza kwa wakati wake. Luke G. Williams amemwandikia kitabu kizima, The Natural, kitafute. Na ukimsikia mtu anahesabu magwiji wa snuka akampita Houlihan, msimamishe, mtajie matokeo ya 1965.