Kura Moja ya Chake Chake

Mahasibu wa siasa hudai kwamba mwenye akili timamu hana sababu ya kusimama juani kupiga kura, kwa kuwa kura yake peke yake haimwezeshi wala haimwangushi mtu. Nasi huwajibu kwa ghadhabu, tukiwatajia Chake Chake, ambako katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961 kiti kilipatikana kwa kura moja tu, chama cha Afro-Shirazi kikatimiza viti 10 dhidi ya 9 vya chama cha Hizbu. Hoja kuntu, lau wajumbe 3 wa chama cha tatu, ZPPP, wasingaligawanyika baina ya pande hizo mbili, mizani ikalingana 11 kwa 11. Basi mpiga kura yule adhimu akapewa ujira wake: Juni mwaka uleule akaitwa kupiga tena.