Namna ya Kutapeliwa kwa Rangi: Mwongozo kwa Mnunuzi Mgeni wa Mabizimu ya Wehrmacht

Heri yako wewe uliyeamua kukusanya mabizimu ya mikanda ya askari wa Hitler, yale yenye tai na maandishi ya Gott mit uns (Mungu yu pamoja nasi), bila kusoma lolote. Wauzaji wanakungoja kwa hamu.

Kwanza, iamini rangi. Ukiambiwa kijani hiki ni cha mwanzo wa vita na kijivu kile ni cha mwishoni, lipa tofauti papo hapo. Usijisumbue kukumbuka kwamba viwanda vilikuwa vingi, Assmann na Overhoff kule Lüdenscheid, Dransfeld kule Menden na wengine kadha wa kadha, wala kwamba miaka themanini ya jua, mafuta na unyevu wa ghalani hugeuza rangi itakavyo. Askari aliyepaka upya kwa mkono wake usimtaje kabisa.

Ukionyeshwa bizimu la rangi ya mchanga, sema "Afrika Korps!" kabla ya muuzaji, umpunguzie dhambi. Kikosi hicho cha Jenerali Rommel kilianza kushuka Tripoli Februari 1941, na mabaki yake yakasalimu amri Tunisia Mei 1943. Miaka miwili na ushee, lakini mabizimu yake hayaishi sokoni, jangwa linazaa. Watakuwapo wa kukwambia kwamba mengi ya huko yalipakwa kijani cha zeituni, yakaendana na mkanda wa turubai. Hao wana wivu.

Sumaku iache nyumbani. Jeshi la nchi kavu lilianza na mabizimu mengi ya alumini, kisha chuma kikashika nafasi, maana alumini ilitakiwa kwenye ndege. Sumaku ikinata kwenye "alumini halisi ya 1937", basi sumaku ndiyo mbovu.

Na tafadhali, bizimu usiligeuze. Nyuma ndiko kwenye umbea wote. Pale ndoano ya mkanda inaponasa, chuma kilisuguana na chuma kila askari alipojifunga na kujifungua, kwa hiyo rangi hutoka hapo mapema, na kwenye kingo zilizokuwa zikigusa koti. Bizimu lililochubuka usoni tu, kwenye mbawa za tai, huku nyuma linang'aa kama kucha iliyotoka saluni, lilivaliwa na msasa. Ukiona na vishimo vya kutu vilivyojaa rangi mpya ndani, yaani kutu ilitangulia rangi, funga macho ulipe.

Mabizimu ya SS, kikosi cha Wanazi, nisiyaguse sana. Yameigwa mno, na hata wakongwe hutoka jasho.

Ukifika nyumbani, bizimu lako lisugue kwa waya wa masufuria mpaka ling'ae, kisha ulipake vanishi. Ukichoka nalo, muuzie mgeni mwenzako, na umwambie kwamba rangi hiyo ni adimu sana.