Mkague Mwajiri Kabla Hajakukagua: Mwongozo wa Mhasibu Anayetafuta Kazi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mhitimu wa uhasibu anaujua msemo huu, na chuoni ameutolea jasho: amefunga leja, amesawazisha urari, amekokotoa uchakavu wa magari ya kampuni ambazo hazipo duniani. Kisha siku moja simu inaita. Sauti inasema, "Milioni moja na laki mbili kwa mwezi," naye anajibu, "Nashukuru sana, bosi, naanza lini?" Mtu aliyefundishwa kukataa vocha isiyo na viambatisho amekubali miaka kadhaa ya maisha yake kwa ahadi ya kwenye simu.

Mdogo wangu, mwongozo huu ni wako. Unakutaka ufanye jambo ambalo wenzako wengi hulionea aibu: umkague mwajiri kwa ukali uleule utakaotumia kukagua hesabu zake. Hakuna utovu wa adabu hapo. Mwajiri anayekasirika kuulizwa maswali na mhasibu hatafuti mhasibu. Anatafuta mtu wa kugonga mihuri.

Hatua ya 1: Tenganisha mshahara wa ukoo na mshahara wa mkononi

Mshahara wa ukoo ndio unaotajwa kwenye vikao vya harusi, ule unaomfanya mjomba akumbuke ghafla ada ya binamu yako. Mshahara wa mkononi ndio unaoingia benki. Usiichanganye.

Tuichukue ile milioni moja na laki mbili, iwe yote ni mshahara wa msingi, katika kampuni binafsi ya Tanzania. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF unakata asilimia 10, yaani 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya kodi ya mishahara (PAYE) vilivyoanza Julai 2021, kodi ya milioni ya kwanza ni 128,000, na kinachozidi hapo hukatwa asilimia 30. Ile 80,000 iliyozidi inazaa 24,000. Kodi yote ni 152,000, nawe umebaki na 928,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, inakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 180,000 nyingine. Mkononi unashika 748,000.

Zaidi ya theluthi imeondoka kabla hujanunua hata chapati. Lakini usilie kama mtu asiyejua hesabu, kwa sababu makato hayo hayafanani. Kodi ni gharama, imekwenda. Mkopo ni deni linalopungua, na iko siku litakwisha. NSSF ni akiba yako, na mwajiri anapaswa kuongeza asilimia 10 yake juu. Ndiyo maana swali la kwanza la ukaguzi ni hili: michango inapelekwa kwa wakati? Ukishaajiriwa, fuatilia taarifa ya michango yako mwenyewe. Fedha iliyokatwa kwenye hati ya mshahara na haikufika kwenye mfuko ni mshahara uliopunguzwa bila kukuambia.

Hatua ya 2: Gawanya kwa saa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa saa 45, mwezi una saa 195 hivi, na ile 748,000 inakupa takriban shilingi 3,836 kwa saa. Sasa weka kazi ambayo kila siku inakuachilia saa mbili au tatu usiku, na Jumamosi pia, mpaka wiki ifike saa 60. Saa moja imeshuka hadi 2,877. Mshahara kwenye mkataba haujabadilika hata senti, lakini umepunguziwa robo.

Kwa hiyo uliza kuhusu kufunga mwezi. PAYE inatakiwa tarehe 7, VAT tarehe 20, na katikati yake kuna usuluhishi wa benki, mishahara na stoku. Uliza meza ya hesabu ina watu wangapi, na saa za ziada zinalipwaje. Wakikujibu, "Sisi hapa ni familia," andika pembeni: saa za ziada hazilipwi.

Hatua ya 3: Soma cheo mpaka nukta ya mwisho

Katika utumishi wa umma, Afisa Hesabu na Mhasibu ni vyeo viwili, na kinachovitenganisha kwa kawaida ni cheti cha taaluma cha CPA(T). Wengi hugundua hivyo baada ya kuwa wameshajitambulisha kijijini kama wahasibu. Kwenye kampuni binafsi mambo ni kinyume: cheo ni kikubwa, kazi ndogo. Nimewaona Mameneja wa Fedha ambao kazi yao yote ilikuwa kutunza ufunguo wa kasiki na kupeleka cheki benki.

Kisha soma majukumu, hasa lile la mwisho, "kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi wake". Waulize ni zipi. Kama ni kuagiza mizigo, kusimamia madereva na kupokea wageni, basi wanataka watu wanne kwa mshahara wa mmoja, na mmoja huyo atalaumiwa stoku ikipungua.

Hatua ya 4: Pima meza, si jengo

Vioo vya ghorofa la Posta, Dar es Salaam, havilipi kodi ya nyumba. Kinachokuongezea thamani ni kile ambacho meza yako inakufundisha, na kila meza ina somo lake.

Kampuni ya ukaguzi wa hesabu humlipa anayeanza kwa kiasi, kisha humfanyisha kazi kupita kiasi, hasa miezi ya mwanzo wa mwaka, baada ya wateja wengi kufunga vitabu Desemba. Malipo yake makubwa ni macho: utaingia benki, kiwanda, shule na hoteli, uone fedha zinavyotembea kila mahali. Hakuna meza nyingine inayokomaza haraka hivyo.

Serikali ina ngazi inayojulikana. Unapita Sekretarieti ya Ajira, usaili wa mchujo, kisha mahojiano, na ukiingia unachangia asilimia 5 kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF, nawe unaongezewa 15 na mwajiri. Utaufahamu mfumo wa malipo wa MUSE, masurufu yasiyorejeshwa, na wakaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) wanaotaka kiambatisho cha malipo ya miaka miwili nyuma. Ngazi hiyo hupandwa polepole. Usiikimbie kwa sababu hiyo tu, wala usiipande kwa kutegemea posho za semina.

Mradi wa wafadhili hulipa vizuri, nao una tarehe ya kufa. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, miradi mingi ilifungwa ikiwa na bajeti zilizokwisha kupitishwa. Mhasibu wa mradi lazima aweke akiba kila mwezi kwa ajili ya mwezi usio na mshahara. Hiyo ni sehemu ya kazi.

Mfanyabiashara wa Kariakoo atakupa vyote kwa pamoja: mashine ya risiti ya EFD, forodha, madeni ya wateja, mishahara na kaunta. Utaujifunza mzunguko mzima ndani ya mwaka mmoja. Hatari yake ni kwamba hakuna atakayekusahihisha. Ukikosea, kosa hilo linakuwa desturi ya ofisi.

Popote uendapo, uliza ni sehemu gani ya kazi inafanywa na programu. Kuingiza miamala na kulinganisha taarifa ya benki ni kazi ambazo mifumo inazidi kuzimeza. Kumweleza mwenye duka kwa nini ana faida kwenye vitabu na hana fedha za kulipa mishahara, hiyo inahitaji mtu anayeelewa biashara. Chagua meza itakayokusogeza huko.

Hatua ya 5: Weka CPA(T) kwenye mizania

Sheria iliyounda NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ni ya 1972, na tangu hapo ngazi ya taaluma hii ina mlango wenye mlinzi. Mitihani hufanyika Mei na Novemba. Kufaulu peke yake hakutoshi kusajiliwa. Unahitaji pia miaka mitatu ya uzoefu wa kazi. Maana yake ni kwamba mwajiri wako wa kwanza anaweza kukuvusha au kukukwamisha. Muulize mambo matatu. Wakati wa mitihani nitapata likizo? Kampuni inachangia ada? Nani hapa ana CPA(T), atakayenisimamia?

Kazi inayolipa laki mbili zaidi lakini haikupi nafasi ya kusoma inakukopesha kwa riba kubwa. Baada ya miaka minne wenzako watakuwa wanasaini, nawe utakuwa bado unawaandalia vya kusaini.

Hatua ya 6: Uliza bei ya saini

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, nayo ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Zipo biashara zenye vitabu vitatu: cha mamlaka ya mapato (TRA) kinachoonyesha hasara, cha benki kinachoonyesha faida nono, na cha mwenye mali, ambacho ndicho cha kweli. Biashara hizo hulipa vizuri, kwa sababu zinanunua jina lako. Siku wakaguzi wakija, mwenye mali atasema hesabu anazijua mhasibu, na atakuwa amesema kweli.

Kumbuka Arthur Andersen. Ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za ukaguzi duniani, yenye wafanyakazi wapatao 85,000. Baada ya kashfa ya 2001 ya mteja wake, kampuni ya nishati ya Enron, ilitiwa hatiani mwaka 2002 kwa kuzuia haki itendeke, kufuatia uharibifu wa nyaraka. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo mwaka 2005, lakini wateja walikuwa wameshaondoka na kampuni imeshasambaratika. Kama jina la watu 85,000 halikupona, jina lako la mtu mmoja, lenye namba moja ya usajili NBAA, litaponea wapi?

Kwa hiyo kwenye usaili uliza kwa upole: mhasibu aliyekuwepo aliondoka kwa nini? Hesabu za mwaka jana zilikaguliwa na nani, naye alitoa maoni gani? Ukikuta wahasibu watatu wamepita ndani ya miaka miwili, huo ni ushahidi wa kutosha. Aga kwa heshima.

Hatua ya 7: Rudi mezani na karatasi

Sasa chukua karatasi, andika mistari minne: mshahara wa mkononi kwa saa, mambo nitakayojifunza, njia ya kufikia CPA(T), na hatari ya saini. Mistari mitatu ya kwanza huweza kufidiana. Kijana anaweza kukubali mshahara mdogo mahali penye mwalimu mzuri, na mzazi mwenye ada za watoto anaweza kuchagua fedha kwanza. Kila mmoja anajua mzigo wake. Mstari wa nne haufidiwi na chochote. Ukiwa mwekundu, kazi hiyo umeikataa, hata wakiongeza gari.

Kisha rudi kwa mwajiri na maombi yenye tarakimu. Usiseme, "Naomba mniongezee kidogo, maisha magumu." Sema, "Naomba ada ya mtihani wa Novemba na siku kumi za kusoma, viandikwe kwenye mkataba." Mwajiri mwenye akili atakusikia akijua fedha zake zitapata mlinzi, kwa kuwa anayejua kutetea hesabu zake mwenyewe ndiye atakayezitetea za wengine.