Toa, Toa, Toa: Mwongozo kwa Mwenye Mgongo wa Chura

Hongera kwa kununua Volkswagen ya zamani. Kabla hujaipeleka rangi, fungua boneti, ambayo iko nyuma, uitazame injini. Imejaa takataka: mabati huku, vibomba kule, waya unaozama gizani. Wajerumani waliunda zaidi ya milioni 21 za gari hili, hadi la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, na miaka yote hiyo hakuna aliyegundua kwamba nusu ya vyuma hivi havina kazi. Fundi wangu wa chini ya mwembe aligundua kwa dakika kumi.

Anza na mabati. Injini hii haina rejeta wala maji. Inapozwa na feni inayozungushwa kwa mkanda. Mabati yanayoizunguka, pamoja na ule mpira wa pembeni, huitenga hewa baridi ya juu na joto la ekzosi lililoko chini. Lakini bati ni bati, kazi yake kuezekea nyumba. Yang'oe. "Bosi, sasa injini inapumua," fundi aliniambia. Kweli ilipumua: ilivuta joto lake yenyewe kutoka chini, ikalirudisha kwenye silinda, ikalivuta tena.

Mjini utasingizia foleni. Ngoja ufike Kitonga. Katikati ya mlima, gia namba mbili, nyuma ya lori la saruji, utasikia harufu ya oili inayokaangwa. Oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu, nayo ndiyo msaidizi pekee wa feni. Kama injini ni ya kabla ya 1971, silinda namba 3 itatangulia kulalamika, kwa kuwa kipozeo cha oili kimeizibia hewa tangu kiwandani. Utaegesha pembeni, boneti juu, na abiria wa mabasi watakupungia mkono. Wapungie nawe. Huu nao ni utalii wa ndani.

Ukishapoa, endelea kutoa. Chini ya injini kuna kidude chenye mikunjo, themostati, ambacho hufungua milango ya hewa joto likikaribia nyuzi 70. Kikitoboka hutanuka chenyewe na kuiacha milango wazi, maana waliokibuni walikuwa watu wa wasiwasi. Mwambie yeyote atakayeuliza kwamba nchi yetu ni ya joto. Usiitaje Makambako.

Kule Makambako, saa kumi na mbili asubuhi ya mwezi Julai, utakikumbuka pia kile kibomba chembamba kinachopita chini ya manifoldi. Hupitisha moshi wa moto ili petroli ibaki mvuke katika safari yake ndefu kutoka kwenye kabureta hadi silinda. Mimi nilikikata kwa sababu kilikuwa na kutu. Manifoldi ikalowa jasho, kisha ikaganda barafu, petroli ikageuka matone, na gari likawa linakohoa kila nikiligusa. Silensa hakuna. Nilivuka mji mzima mguu mmoja ukipiga resi na mwingine ukiwa kwenye breki. Klachi niliiombea dua.

Distribyuta nayo badilisha. Ya zamani ina kile kisahani cha pembeni kinachovutwa na upepo wa kabureta na kuwahisha taimingi unapokanyaga mafuta. Kuna nyingine haina kisahani, inang'aa, na wauzaji huisifu kwa neno moja: "Resi!" Ukiifunga bila kuirekebishia kabureta, gari litaduwaa kwanza kila unapotaka kulipita lori, kama mtu aliyekumbushwa deni.

Chujio la hewa lile la bakuli la oili, toa pia. Vumbi ni letu.

Ukimaliza, utakuwa na gari jepesi, linalochemsha mlimani na kugoma baridini, na gunia zima la spea. Mimi gunia langu nilimwachia fundi, akalitupe. Mwezi uliopita niliingia duka moja la spea kutafuta bati la nyuma ya injini, nikaoneshwa langu mwenyewe, tone la rangi ya geti langu bado liko pale pale. Bei yake ilinishinda siku hiyo. Msomaji, ukilikuta kabla yangu, tafadhali usilinunue.