Safu ya Ushauri: Mashaka ya Waghani

Mashindano ya kughani mashairi kwa wanafunzi wa sekondari hupima mambo matatu: kumbukumbu, sauti, na kama mghani anaelewa anachokisema. Barua za wasomaji wa Brussels hugusa yote matatu. Huongeza na la nne, wazazi, ambalo halimo katika kanuni zozote.

“Silabi Pungufu” wa Ixelles, mwenye umri wa miaka 16, alisoma Mombasa na alighani kwenye Tamasha la Muziki la Kenya bila kuteleza. Sasa anakariri mashairi ya Kifaransa, na mwalimu wake anasema mishororo inachechemea. Kumbukumbu yake ni nzima; hesabu ndiyo mbovu. Katika tarbia ya Kiswahili mshororo huwa na mizani 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na kila silabi huhesabiwa, hata ile “m” ya “mtu”. Aleksandrini ya Kifaransa ina mizani 12 na pumziko baada ya ya sita. Matata yako kwenye “e” ya mwisho wa neno. Mitaani haisikiki. Katika ushairi wa kale wa Kifaransa huhesabiwa ikifuatwa na konsonanti, humezwa ikifuatwa na irabu, na mwishoni mwa mshororo haihesabiwi kabisa. Kijana akighani kama anavyozungumza kwenye tramu, mshororo wa mizani 12 humfikia jaji ukiwa na kumi. Dawa ni kupiga mizani kwa vidole, ubeti kwa ubeti, kabla ya kuhifadhi neno lolote. Hapo mtoto wa Mombasa ana nafuu kuliko wenzake wengi waliozaliwa Ixelles, kwa kuwa sikio lake limeshazoea mshororo unaopumua katikati. Na mizani ikikaa sawa, kumbukumbu husaidika yenyewe, maana neno lililosahauliwa huacha pengo linalosikika.

“Mikono Mirefu” wa Schaerbeek anauliza aifanyie nini mikono yake. Iachwe ining’inie. Kushika kifua kila moyo unapotajwa na kunyoosha kidole darini kila mbingu zinapotajwa ni ugonjwa wa waghani wa dunia nzima, na majaji wanajua mbingu ziliko. Ishara moja katika shairi zima yatosha, tena pale maana inapogeuka.

“Baba Mwenye Uchungu” wa Molenbeek anadai mwanawe alinyimwa ushindi wa mashindano ya ushairi ya slam na majaji wasiojua ushairi, na kwamba jiji hili halimsikilizi Mwafrika. Malalamiko haya yana sehemu mbili, na ya kwanza ni kweli tupu. Slam ilianzishwa na Marc Smith huko Chicago miaka ya 1980, na majaji wake kwa desturi ni watu watano waliookotwa ukumbini. Kila mmoja hutoa alama kati ya 0 na 10, ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na tatu zinazobaki hujumlishwa. Jaji mmoja mwenye chuki hana nguvu, wawili wanayo. Mshindani husoma shairi lake mwenyewe kwa dakika tatu, bila ala, vazi la maigizo wala kifaa. Anayetaka kupimwa kwa kughani shairi la mtu mwingine ameingia ukumbi usio wake. Sehemu ya pili ya malalamiko haisimami. Ubingwa wa dunia wa slam uliofanyika Brussels mwaka 2022 ulichukuliwa na Xabiso Vili wa Afrika Kusini, na mwaka 2024 Lisette Lombé, mwanaslam mwenye asili ya Kongo na Ubelgiji, alishika nafasi ya Mshairi wa Taifa wa Ubelgiji.

“Mpenda Dola” wa Anderlecht amesikia kuhusu mashindano ya kughani ya Poetry Out Loud na zawadi yake ya dola 20,000. Ni ya wanafunzi wa sekondari za Marekani. Nauli ibaki mfukoni.

“Lugha Tatu” wa Jette anasoma kwa Kiholanzi, anacheza kwa Kifaransa na kugombezwa kwa Kiswahili, na hajui aghani kwa ipi. Shule za Brussels zimegawanyika, za Kifaransa na za Kiholanzi zikiwa chini ya serikali mbili tofauti, kwa hiyo lugha huamuliwa na waandaaji. Wakiacha mlango wazi, achague shairi analoweza kulieleza kwa bibi yake bila karatasi.

Limebaki la wazazi. Vigelegele katikati ya shairi humfanya mghani asahau, na anayesahau hupoteza alama, hata kama aliyempigia ni mama mzazi. Vipigwe baada ya ubeti wa mwisho, na simu zizimwe kabla ya ule wa kwanza.