Nyumba Imefika Lenta, Nisirudi Kwa Nini?

Mzungu akiamka leo na hamu ya kuja Tanzania, anahitaji pasi, kaptula na dola 50. Anashuka uwanja wa ndege, anapanga foleni, analipa, anapewa viza, na kesho yake yuko Serengeti anahesabu twiga. Mmarekani hulipa dola 100, lakini hata yeye haulizwi ana viwanja vingapi kwao. Akienda Zanzibar ataongeza bima ya dola 44, ambayo ni ya lazima tangu Oktoba 2024, nayo anailipia mtandaoni akiwa amejilaza kitandani. Hakuna ofisa uhamiaji anayemkazia macho na kujiuliza: huyu kweli atarudi kwao, au amekuja kuzamia Mburahati?

Sisi tunaokwenda upande wa pili tunaulizwa. Mimi nilialikwa kwenye warsha ya waandishi huko Ulaya. Nchi yenyewe siitaji, maana bado nina nia ya kuomba tena. Niseme tu kwamba imo ndani ya eneo la Schengen, lenye nchi 29 zilizoondoleana ukaguzi mipakani. Mkataba wenyewe ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 kando ya kijiji cha Schengen, Luxembourg, kijiji cha wakulima wa zabibu, juu ya meli iliyokuwa Mto Moselle. Nchi zilikuwa tano tu. Wakafunguliana milango ya ndani, na ule wa nje, unaotuhusu mimi na wewe, wakauwekea kufuli la maana.

Ukisoma masharti ya viza yao kuanzia juu hadi chini utachoka, lakini yote yanazunguka swali moja: utarudi?

Jibu ninalo. Nina nyumba Chanika, imefika lenta. Aliyewahi kujenga kwa mshahara ananielewa. Nyumba ikishafika lenta huwezi kuihama, kwa sababu ukiiacha masika moja tu, majani yanaota sebuleni na nondo zinaondoka zenyewe usiku. Zaidi ya hapo, zamu yangu ya upatu ilikuwa mwezi wa tisa. Hajazaliwa Mtanzania wa kutoroka kabla ya zamu yake. Akishapokea, sawa, hapo mashaka yanaruhusiwa.

Tatizo ni kwamba fomu ina mahali pa kujaza kazi, ndoa na kipato, lakini haina mahali pa lenta.

Nikaanza kukusanya karatasi. Karatasi ya kwanza ilinikumbusha kwamba mimi ni watu watatu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yusufu. Mwalimu wa darasa la saba aliona hilo ni jina la kishamba, akaandika Yusuph, na huyo ndiye aliyefaulu mitihani hadi chuo. Kitambulisho cha Taifa kikachagua njia yake, kikamtoa Yusuf. Miaka yote watatu hawa wamekula kwa mdomo mmoja na hawajawahi kugombana. Lakini cheti cha ndoa ni cha Yusufu, mshahara ni wa Yusuph na pasi ni ya Yusuf, kwa hiyo kwenye bahasha ingeonekana mtu anasafiri kwa fedha za mwenzake na kumwachia mwingine mke. Nikaenda kwa wakili, nikashika msahafu, nikaapa kwamba mimi ni mimi. Wakili akagonga muhuri, akapokea chake, nikatoka pale nikiwa mtu mmoja kisheria.

Kisha picha. Wanataka milimita 35 kwa 45, nyuma peupe, uso ujae sehemu kubwa ya picha, na usicheke. Fundi picha wa mtaani kwetu amezoea wateja wanaotaka kutoka wazuri. Bila kuniuliza alinifuta kovu la kwenye kipaji cha uso, akanipunguza mashavu na kuning'arisha mpaka nikawa mtangazaji wa televisheni. Nilipomwambia haifai, alisikitika kweli.

"Kaka, kazi hii wenzako wananiongezea hela."

"Najua, fundi. Lakini naomba unirudishie kovu langu."

Upande wa fedha ulikuwa mgumu zaidi. Wanataka taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na yangu ni fupi kwa maana ingawa ni ndefu kwa kurasa: mshahara unaingia tarehe 25, unatoka tarehe 25. Ukiipitia haraka unaona kituo cha daladala, watu wanashuka na kupanda, hakuna anayelala pale. Si kwamba sina kitu. Fedha yangu imo kwenye tofali za Chanika, kwenye kikoba cha mke wangu, kwa mbuzi walioko kwa bibi Handeni, na kwa shemeji ambaye ameahidi kulipa. Zote hizo ni mali, na benki haijui hata moja.

Baba mdogo, ambaye hajawahi kuvuka Chalinze lakini kwa habari za viza ni bingwa, alikuja na suluhisho.

"Mwanangu, tuchange milioni tano ukoo mzima. Zilale kwenye akaunti wiki moja, wazione, halafu kila mtu arudishiwe chake."

"Baba, wale wanaangalia miezi, si wiki. Watauliza zimetoka wapi."

"Kwani watamuuliza nani? Mimi si nipo?"

Nilimshukuru, nikamwagizia soda nyingine. Milioni tano zinazotua ghafla kwenye akaunti ya mtu wa tarehe 25 hazionyeshi utajiri. Zinaonyesha kwamba ana baba mdogo.

Mama naye alikuwa na sharti lake: safari haitangazwi, watu wana vijicho. Nikakubali kufunga mdomo. Lakini kiwanja cha Chanika, kama viwanja vingi vya pembezoni mwa Dar es Salaam, hakina hati ya wizara. Kina karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, na mashahidi wake ni mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ili karatasi hiyo iwe na uzito nilihitaji barua ya mwenyekiti, na mwenyekiti hawezi kuandika barua bila kujua inakwenda wapi. Alipojua, akajua na karani wake, na muuza chipsi aliye mlangoni pa ofisi. Magharibi, natoka msikitini, naulizwa nini nitawaletea.

Bima ya safari ndiyo iliyonifurahisha. Sharti lao ni kwamba isipungue euro 30,000, igharamie matibabu ya dharura na, mtu akifariki, kumrudisha kwao. Hapa nyumbani sijawahi kukadiriwa thamani hiyo. Nilimwambia mke wangu, kwa majivuno kidogo, kwamba nikifia Ulaya nitarudishwa bure kwa ndege. Akafikiri.

"Na ukiwa hai, baba Zuhura?"

Ukweli ni kwamba katika bahasha nzima, bima hiyo ndiyo hati pekee iliyohakikisha nitarudi. Kasoro yake ni kwamba ilitaka nife kwanza.

Hata muda wa ugeni wao una hesabu zake. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale ni wakarimu kutushinda, wanakupa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ila ole wako wakukute umeshika jembe! Hiyo ni kufanya kazi bila kibali, na utapandishwa ndege.

Siku ya kuwasilisha ilifika. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, ambayo Juni 2024 ilipanda kutoka 80, nazo hizo zilikuwa 60 hadi mwanzoni mwa 2020. Kwetu ni karibu shilingi laki mbili na nusu, na hairudishwi, upewe viza au unyimwe. Nilimkuta dirishani binti mpole, mwenye adabu zake, akipanga karatasi zangu moja moja. Alipofika kwenye karatasi ya mauziano akasita.

"Samahani kaka, hii ni nini?"

"Hati ya kiwanja."

"Imeandikwa kwa kalamu."

"Ndiyo. Na hiyo zambarau ni dole gumba la bibi aliyeniuzia."

Akaiweka upande. Ikafuata picha ya nyumba, niliyoipiga mwenyewe, fundi wangu akiwa amesimama mlangoni kama shahidi.

"Mbona haina paa?"

"Ndiyo maana narudi, dada."

Alicheka, nami nikaona kazi imekwisha. Kumbe anayecheka siye anayeamua. Yeye anapokea tu. Nikachukuliwa alama za vidole vyote kumi, ambazo zinaweza kutumika tena ukiomba upya ndani ya miezi 59. Nikaambiwa nisubiri. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, na likihitaji uchunguzi zaidi linaweza kufika siku 45.

Kusubiri kwangu kulikuwa na kazi, kwa sababu mtaa ulikuwa umeshanisafirisha. Mjomba aliagiza simu, akataja na rangi. Jirani alileta uzi aliopimia mguu wa mwanawe, akanifungia kwenye kidole nisiusahau. Mwenyekiti, kwenye kikao cha usafi wa mitaro, alinitolea mfano wa vijana wanaoliletea eneo heshima. Sikuwa hata na tiketi.

Pasi ilirudi ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na fomu. Kumbe hata kunyimwa kuna fomu maalumu, ya aina moja kwa nchi zote za Schengen, yenye sababu zimepangwa na visanduku vya kuweka alama. Kisanduku changu kilisema, kwa maneno ya kiofisi, kwamba kuna mashaka ya msingi kuhusu nia yangu ya kuondoka katika eneo lao kabla ya viza kwisha.

Mashaka! Kwa mtu wa lenta!

Haki ya kukata rufaa ipo, na imeandikwa kwenye fomu hiyohiyo. Lakini warsha ilikuwa inaanza wiki ile, na rufaa haina haraka ya warsha. Watu walikuja kunipa pole, wengine wamebeba sukari. Baba mdogo alikumbusha, kwa upole wa mshindi, suala la milioni tano. Mwenye uzi alikuja kuuchukua, akampimie mtu mwingine anayekwenda Dubai.

Mwezi wa tisa nikapokea upatu wangu. Nikaezeka. Leo nyumba ina bati za geji 28, na mvua ikinyesha tunasikia thamani ya fedha. Kama ningepewa viza, mwezi huo wa tisa ningekuwa nimesharudi kitambo, nimesimama palepale namgombeza fundi kwa misumari. Hilo hakuna taarifa ya benki inayoweza kulisema.

Siwalaumu sana. Ofisa aliye mezani hanijui, hajui Chanika, na hana namna ya kupima uzito wa dole gumba la bibi. Anasoma alichopewa. Maisha yetu mengi hayajaandikwa popote, tunayaishi tu, na mtu wa mbali akiyatafuta kwenye karatasi hayaoni. Wanaotupa viza wanaamini karatasi, basi tuwape karatasi.

Kwa hiyo, msomaji mwenye ndoto ya Ulaya, usingoje mwaliko. Kama majina yako yanagombana, yapatanishe sasa. Kiwanja kama hakina hati, fuatilia urasimishaji wa makazi, hata kama huendi popote. Fedha za kikobani ziwe zinapitia benki, angalau zipige hodi. Pasi yako iangalie leo: iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, ina kurasa mbili tupu, na itabaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao. Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15. Ukiona yote hayo ni mzigo, Nairobi, Kampala na Lusaka wanakupokea kwa pasi tu, bila viza na bila kuuliza habari za paa.

Na ukinyimwa, rudi nyumbani ukaezeke. Usisumbuke kudai ada, kwa maana hairudishwi.